Doa la Tatu

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, la zamani, na picha ya ng'ombe ilikuwa imechubuka hadi zimebaki pembe na jicho moja. Wivine Mwelwa alilifungua Jumapili tu, akitoka misa, kabla hajavua viatu. Hakuchota kitu. Aliinamisha uso, akavuta pumzi mara moja, akafunga. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia uliotwangwa na mama yake, na katika nyumba yake nzima, mtaani Kampemba, hapakuwa na kitu kingine kilichobaki na harufu ya yule mama. Vitenge vyake vilikwisha kugawanywa na kufuliwa. Picha hazinuki. Unga ulinuka: kwanza uchungu wa maganda ya miti, halafu moshi wa makala, makaa ya kuni, kwa mbali, na nyuma ya hayo utamu mnyonge, wa kujificha, ambao Wivine hakuwahi kuupatia jina.

Alijua kwamba harufu ni mali inayokwisha. Kila kifuniko kinapofunguka, upepo huchukua sehemu yake. Ndiyo maana alijipangia Jumapili, kama mtu aliye safarini anavyojipimia maji. Watoto wake walikuwa wamekwisha kwenda na maisha yao Kolwezi, mume alikuwa kaburini kabla ya mama, na mchana wa Jumapili ni mrefu kwa mtu anayeishi na kopo.

Siku nyingine za juma alishinda kati ya harufu za watu wengine. Alikuwa fundi wa maabara, wenyewe wanaiita labo, katika kitivo kimoja cha dawa hapa Lubumbashi, mahali wanapochunguza dawa za miti zinazouzwa sokoni na kando ya njia: kama kweli zina ile miti inayotajwa, kama ni safi, kama zinafanya kitu. Watu walileta chupa za maji meusi, mafungu ya mizizi, vidonge vilivyofinyangwa kwa vidole. Wivine alipima, akaloweka katika alkoli, akachuja. Kisha ikaja sehemu ya kazi aliyoipenda kuliko zote. Alichukua bamba dogo lililopakwa unga mweupe, akaweka upande wa chini tone la kila dawa, akalisimamisha ndani ya mtungi wa kioo wenye kimiminika kidogo. Kimiminika kilipanda bamba polepole, kama unyevu unavyopanda ukuta wakati wa mvua, kikibeba vilivyomo ndani ya dawa, kila kimoja hadi kimo chake, na hapo kikakiacha. Ukipeleka bamba chini ya taa ya zambarau unaona madoa yanang'aa, moja juu ya jingine. Mti ule ule huacha madoa yale yale, kwenye kimo kile kile. Muuzaji anaweza kudanganya. Mti, ukifika pale, hauna namna ya kukana.

Mama yake hakupenda kutaja miti. Watu wa mtaa wa Naviundu walimwita Mama Bwalya. Alizaliwa upande wa Kasomeno, akaolewa na mtu wa reli kutoka kaskazini, Mkatoliki wa rozari kila jioni, akaja naye mjini na maarifa yake yamefungwa kichwani. Dawa yake ilikuwa moja tu, ya tumbo linalowaka. Wake wa watu wa reli ndio walioijua kwanza, kisha waume zao, kisha hata padri mmoja aliyekuwa akituma mtu kwa siri. Kila dawa ilipokaribia kwisha alitoka alfajiri kwenda porini, njia ya Kinsevere, wakati ule pori likiwa bado pori, na aliporudi na kikapu kichwani alikuwa amebana jani moja kati ya midomo.

Ndiyo ilikuwa desturi ya kwao. Aliyebeba dawa mbichi hasalimu wala hasalimiwi, na hataji mti njiani, maana mti ukisikia unatajwa kabla ya kufika nyumbani, nguvu zake hurudi zilikotoka. Jani lilikuwa kufuli. Watu wa mtaa waliliona, wakapisha. Lakini Wivine alikuwa mtoto wa mwisho, na mtoto haelewi kufuli. Alimkimbilia mama yake barabarani, akamshika kitenge, akamwita, na mama akapita akimtazama kwa macho tu, macho yenye kucheka na kuomba radhi, midomo imefumba juu ya lile jani. Wivine alilia hadi mlangoni. Pale ndani mama alitua kikapu, akatema jani, akambeba, akamwambia maneno yote aliyokuwa amemwekea njia nzima. Miti hakuitaja hata hapo.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, ulimi ndio uliotangulia kufa. Kiharusi kilimwangusha upande mmoja. Wivine alikaa kando ya kitanda akamwomba amtajie miti ya dawa, halafu akaacha kuomba miti, akaomba neno lolote. Mama alimtazama kwa macho yale yale ya barabarani. Wakamzika na kufuli lake.

Bwana wa labo alikuwa Profesa Clément, mtu aliyezaliwa mjini hapa na wazazi waliotoka Kasai, mpole, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, na mwenye tabia ya kusema kila jambo mara mbili, kwanza kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, kana kwamba anajitafsiria mwenyewe. Alipoanza uchunguzi wa dawa za tumbo aliwaomba wafanyakazi walete na za nyumbani kwao. Wivine aliwaza juma zima. Mwishowe alichota unga kidogo katika kopo, akaufunga kwenye karatasi safi, akaupeleka kama mtu anayempeleka mgonjwa wake hospitali na kuogopa watakayomwambia.

Alipeleka bamba la kwanza chini ya taa. Madoa ya chini aliyatambua upesi: ganda la mubanga na ganda la kifumbe, miti ambayo kila muuza dawa mjini anayo. Kumbe mama alitumia miti ya watu wote. Lakini juu ya hayo, peke yake, lilikaa doa la tatu, jepesi, la buluu, kama dirisha lenye taa katika nyumba iliyo mbali. Halikuwa la mubanga. Halikuwa la kifumbe. Profesa aliinama, akavua miwani, akaivaa tena, akauliza kwa heshima huo mti wa tatu ni upi. Wivine akajibu kwamba hajui. Na saa ile, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alijisikia kwamba yuko mahali anapoweza kwenda kumtafuta mama yake.

Maana hakuwa na shaka. Ni lile jani la midomoni: mama alilitema, kisha akalitwanga pamoja na maganda.

Akaanza kutafuta. Alizunguka kwa wauza dawa wa masoko yote ya mji, akinunua majani ambayo hata wao walishangaa mtu kuyataka. Aliomba likizo, akapanda gari la mizigo hadi Kasomeno, akakaa kwa binamu za mama waliompikia bukari, yaani ugali, na samaki, wakamwonyesha mahali nyumba ya bibi yake iliposimama. Wakakumbuka desturi, wakakumbuka jani midomoni, wakacheka kwa upendo wakikumbuka jinsi Bwalya alivyokuwa mkaidi. Ni jani gani, hakuna aliyejua. Walimwambia kwamba mtu haulizwi kitu kama hicho. Alirudi na gunia la majani ya kila namna, na gari lilipopita penye njia ya Kinsevere alichungulia, akitafuta pori la utoto wake. Miti ilikuwa imekwisha kuwa makala siku nyingi. Vumbi lilitanda juu ya visiki.

Kila jani lilikwenda juu ya bamba kando ya dawa ya mama. Hakuna hata moja lililofika kimo cha lile doa. Na kwa sababu doa lilikuwa jepesi, kila jaribio lilidai unga wa kutosha, ili lionekane. Kopo likawa linapungua. Wivine aliona vizuri alichokuwa akikifanya: alikuwa akimmaliza mama yake ili ampate. Hakuacha mpaka chini ya kopo pakabaki kijiko kimoja.

Hapo Profesa alimwita ofisini, akamketisha, akamwagizia chai.

"Mama Wivine," alisema, "na hizi plaki zetu za madoa hatutafika. Kule Ubelgiji kuko mashine yenye inaweza kuita ile kitu jina. Lakini inaomba unga yote. Yote yenye ilibakia."

"Na kama haikupata?"

"Basi hatutakuwa na unga, na hatutakuwa na jina." Alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. "Sitakulazimisha. Labo iko yangu, lakini unga iko ya mama yako."

Wivine aliomba angoje hadi Jumatatu.

Jumapili ile hakwenda nyumbani baada ya misa. Aliogopa kulifungua kopo na kujua kwamba huenda ni mara ya mwisho. Alikuwa amelibeba ndani ya mkoba tangu asubuhi, akaelekea Naviundu, kwenye nyumba ya mama, ambamo sasa anakaa dada yake mkubwa, Hortense, anayemwita yaya.

Hortense ni mwanamke mnene mwenye sauti inayovuka mto, na mji mzima wa upande ule unakunywa munkoyo wake. Wasioujua munkoyo wa Katanga waambiwe: ni kinywaji cha uji wa mahindi, kinachotiwa mizizi ya porini iliyopondwa, mizizi huulainisha uji na kuutia utamu, na kesho yake unachachuka kidogo na kuchangamsha ulimi. Mama aliutengeneza kila Jumamosi, ambayo wazee wa mji huu bado wanaiita siku ya posho, na watoto waliramba mwiko. Hortense ameufanya biashara, anautengeneza siku zote, hata siku ya Bwana, na padri akimgusia anamjazia kikombe.

Alimpokea mdogo wake kwa utani, kama kawaida yake. Alimwambia amekonda kwa kunusa chupa, akamwuliza kama watu wa labo wanalipwa kwa harufu. Wivine alikaa kwenye kigoda uani, akamweleza habari ya mashine ya Ubelgiji huku akijifuta machozi. Hortense hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliendelea kuponda mizizi, mchi ukipanda na kushuka, mpaka mdogo wake aliponyamaza. Kisha akaimimina mizizi ndani ya sufuria ya uji, akamsogezea kinu na kitambaa, akamwamuru apanguse badala ya kulia bure.

Kinu kile kilikuwa cha mama. Kinu cha mti hakioshwi kwa maji, kinapasuka jua likikipata; kinapanguswa kwa kitambaa, basi. Wivine aliinama, akatia mkono na kichwa ndani yake kama alivyokuwa akifanya utotoni, na harufu ikampanda usoni.

Alitulia humo ndani. Haikuwa harufu yote. Uchungu haukuwamo. Lakini ule utamu mnyonge, ule wa kujificha, ulikuwa pale, peke yake, bila chochote cha kuufunika.

Aliinua kichwa. "Yaya, dawa yake mama alitwangaka mu nini?"

"Mu kinu."

"Kinu gani?"

"Weye na masomo yako." Hortense alikuwa akikoroga uji, hakugeuka. "Mama alikuwaka na binu ngapi? Njo hii. Siku ya posho munkoyo, siku ingine dawa. Anapangusa, anaendelea."

Wivine alifungua mkoba, akatoa kopo, akafungua. Alinusa kopo, akanusa kinu, akanusa kopo. Halafu akaomba mzizi mmoja wa munkoyo, na kisu, akaanza kukwangua ukuta wa ndani wa kinu, akikusanya vumbi lake kwenye karatasi. Dada yake aligeuka, mwiko mkononi.

"Sasa munatafuta mama mu kinu?"

"Ndiyo, yaya."

"Haya. Ukimukuta, umuambie paa ya nyumba yake inavuja."

Lakini alipogeuka tena kwenye sufuria alijifuta macho kwa mkono wa blauzi, na moshi ulikuwa ukienda upande mwingine.

Jumatatu Wivine alimweleza Profesa. Hakumficha kwamba alikuwa na dhana tu, dhana ya pua. Kijiko kilichobaki kilitosha ama bamba moja, ama safari ya Ubelgiji. Profesa alimuuliza kama anajua kwamba akikosea hakutakuwa na kurudi nyuma. Alijua. Alijua pia jambo ambalo hakulisema: kwamba kulikuwa na njia nyingine, kulifunga kopo na kulirudisha rafuni, na kuendelea kunusa Jumapili baada ya Jumapili mpaka unga ubaki unga tu, usionukia mtu. Alipiga kitako cha kopo kwa vidole ili hata vumbi lidondoke, akamimina yote.

Aliweka matone matatu: dawa ya mama, mzizi wa munkoyo, makwanguo ya kinu. Akasimamisha bamba ndani ya mtungi, akavuta kiti. Kwa kawaida wakati kimiminika kinapanda yeye huosha chupa. Siku ile hakuosha kitu. Profesa naye alileta kiti chake, wakakaa wawili mbele ya ule mtungi kama watu waliokaa msibani.

Chini ya taa, madoa ya buluu yalikuwa matatu, yamejipanga mstari mmoja, kimo kimoja.

Profesa alitoa pumzi. Akasema neno la Kifaransa, lile wanalotumia katika kazi hiyo kwa kitu kilichoingia mahali kisipotakiwa. Wivine alingoja alirudie kwa Kiswahili, kama alivyozoea. Profesa alifungua mdomo, akamtazama, akaufunga.

"Andika, Prof," Wivine alisema. "Iko uchafu. Hata mi ningeandika vile."

Ikaandikwa. Miti miwili, na mabaki ya mzizi wa chakula kutoka kwenye kinu cha nyumbani. Baadaye walitengeneza dawa upya kwa maganda safi, yaliyosagwa kwa mashine ya labo, wakaiweka mbele ya vijidudu vya tumbo katika visahani vyao. Ilifanya kile kile ambacho dawa ya mama ilikuwa imefanya ilipojaribiwa mwanzoni, kabla kopo halijapungua, si zaidi wala si pungufu. Kwa vijidudu, doa la tatu halikuwa kitu.

Na lile jani? Halikuwamo. Halikuwahi kuwamo. Lilikuwa jani lolote, lililochumwa popote, na kazi yake ilikuwa kufunga mdomo, basi. Wivine aliyapitia haya usiku na mchana, akashangaa kwamba hayakumpa amani aliyoitazamia. Alikuwa amelitafuta neno ambalo mama alimnyima barabarani, akakuta Jumamosi, uji, na mwiko wa kurambwa. Lilikuwa jambo jema. Lakini muda wote doa lilipokuwa halina jina, kulikuwa na njia ya kuendelea nayo, na mwisho wa njia palikuwa na mtu. Sasa njia ilikuwa imefika mwisho, na mtu hayupo.

Zikapita Jumapili kadhaa. Kopo lilikaa rafuni, tupu. Kisha siku moja alinunua maganda ya mubanga na ya kifumbe sokoni, akayapeleka Naviundu bado yana unyevu wa porini. Hortense aliyaona maganda, akayaona pia macho ya mdogo wake, na kwa mara moja katika maisha yake hakusema utani. Alimalizia kuponda munkoyo, akaondoa mizizi, akasogeza kinu. Wivine alichukua kitambaa, akapangusa kidogo, kama mama, wala si kama fundi wa labo. Akatwanga. Mchi ulikuwa mzito kuliko alivyokumbuka. Alipomaliza alijaza kopo, akanusa. Moshi haukuwamo, na mengine mengi hayakuwamo. Utamu ulikuwamo.

Dada yake alimsindikiza hadi penye ua wa miti ulioizunguka nyumba. Hapo Wivine alisimama, akachuma jani moja la ule ua, bila kuchagua, akalibana kati ya midomo, akashika njia na kopo kifuani.

Mama Ngosa, jirani wa siku nyingi, alikuwa akija kutoka mtoni na ndoo. Alimtambua kwa mbali, uso ukamchangamka, akaanza kuinua mkono. Kisha akaliona jani. Mkono ukashuka. Akasogea kando ya njia na ndoo yake, akainamisha kichwa, akampisha, kama walivyompisha yule mwingine zamani.

Wivine akapita. Alimtazama kwa macho tu. Midomoni jani lilikuwa na ladha ya jani na ya vumbi, na nyuma yake yalikuwa yamejaa maneno yote, yamepangwa vizuri, yakienda nyumbani mahali ambapo hapakuwa na mtoto wa kuambiwa, wala mama.